Na Huu Utarudi na Nini?

Hotuba kwa vijana wanaosomea umeme wa magari, Malindi

Walimu wangu, wazee mliofika, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: assalaam aleikum, na hamjambo.

Niliombwa nije nizungumze juu ya mustakabali wa ufundi. Nikamwambia mwalimu aliyenialika kwamba mustakabali siujui, mimi najua waya. Akasema basi njoo na waya. Ndiyo haya mnayoyaona mezani, ya kufunga redio na spika kwenye gari la zamani: kipande cha waya uliooza, spika mbili, redio mbili, betri ya gari, betri ndogo ya tochi, na mita ya kupimia umeme. Redio moja ni nzima. Ile nyingine ni maiti, na niliyeiua ni mimi, kwa mkono wangu huu. Ningeweza kuja na kazi zangu nzuri niwaoneshe, lakini kazi nzuri haifundishi kitu. Mnatazama, mnasema mashallah, mnakwenda zenu.

Mteja wa hapa kwetu haji kwako kwa ajili ya spika. Huja kwa ajili ya redio. Gari limetoka Japani, limeshushwa Mombasa, limefika Malindi na redio inamsalimu Kijapani na haishiki stesheni. Redio ya kule ilitengenezwa kwa masafa ya megahazi 76 hadi 90. Sisi tunaanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo anachoweza kusikia ni kile kipande chembamba ambapo masafa yao na yetu yanakutana, na hapo huenda pana stesheni moja au hapana hata moja. Kuna kijisanduku cha kufunga kwenye waya wa antena kinachoteremsha masafa, wenyewe twakiita ekspanda, nacho kinasaidia nusunusu. Mwisho wake mteja hununua redio mpya. Akishanunua redio mpya, anakutazama usoni anakwambia: na spika nazo, fundi, tia zile za wati elfu.

Hapo ndipo fundi mwenye njaa anapokosea. Anafungua kasha la spika kabla hajafungua ubao wa mlango.

Sasa ile maiti. Ni zaidi ya miaka 30 iliyopita. Nilikuwa na kibanda changu cha kwanza, mabati manne chini ya mkilifi, na jirani yangu alikuwa mama mmoja akikaanga samaki. Akaja mzee mmoja mstaafu na Peugeot 504 yake, gari safi, amelitunza kuliko wengine wanavyotunza nyumba. Redio ya zamani ilikuwa imekufa. Ameleta redio mpya na spika nne. Nikafungua mlango wa mbele, nikaona spika iliyokuwamo ina waya mmoja tu. Mmoja! Ile ncha yake ya pili fundi aliyenitangulia ameifunga kwa skurubu kwenye bati la mlango.

Mimi nikafurahi. Nikaona kazi imekwisha kabla ya adhuhuri. Nikabadilisha spika, nikaunga nyaya nne za chanya za redio mpya kwenye zile nyaya za zamani, kisha zile nne za hasi nikazisokota pamoja kama ukili, nikazifunga kwenye bodi ya gari nyuma ya dashibodi. Nikawasha. Ikapiga sauti iliyokwaruza, labda kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu. Nikasikia harufu ya samaki anayeungua. Nikamwita mama nikamwambia, mama weye, samaki wako wanaungua. Akanijibu: leo sijawasha jiko.

Vifaa vya umeme vikiungua hunuka hivyo wakati mwingine. Siku ile ndipo nilipojua.

Redio nyingine zina ulinzi ndani, ukikosea hivyo hujizima zenyewe. Ile haikujizima. Nikamlipa mzee redio yake, kidogokidogo, kwa miezi kadhaa. Naye hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Kosa lilikuwa wapi? Mwanangu wewe mwenye kofia, njoo ushike mita. Redio hii nzima nimeiunga kwenye betri, inawaka, sauti nimeishusha hadi sifuri. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye hasi ya betri. Nyekundu gusa waya mweupe, ule wa spika ya mbele kushoto. Inasoma ngapi? Sita na kitu. Vizuri. Sasa gusa mwenzake, mweupe wenye mstari mweusi, ule ambao karatasi inauita hasi. Ngapi? Sita na kitu vilevile. Haya, sasa ncha moja kwenye mweupe na nyingine kwenye mwenzake. Sifuri.

Asante, kaa. Mmeona wenyewe. Huo waya unaoitwa hasi una volti 6. Si hasi ya betri hata kidogo. Spika haisikii kitu kwa sababu pande zake zote mbili ziko sawa, lakini bodi ya gari iko sifuri, na ukiugusisha waya ule na bodi, zile volti 6 zinaikimbilia bodi bila kizuizi chochote. Mimi niligusisha nyaya nne kwa mpigo.

Redio za zamani zilikuwa zinapeleka sauti kwa waya mmoja, na njia ya kurudi ni bati la gari. Ndiyo maana ukifungua mlango wa gari la zamani spika ilikuwa ikikwaruza: sauti ilikuwa inapita kwenye bawaba, na bawaba zimejaa kutu na grisi. Redio za siku hizi zina amplifaya mbili kwa kila spika, zinafanya kazi kama wapasua mbao wawili wenye msumeno mmoja. Huyu akivuta, yule anasukuma. Ukimfunga mmoja mikono kwenye mti, usishangae msumeno ukivunjika.

Na kwa nini walibadilisha? Kwa ajili ya nguvu. Gari likinguruma lina volti 14 na kitu. Kwa mtindo wa zamani amplifaya haiwezi kuipeleka spika zaidi ya nusu ya volti hizo, na ukipiga hesabu kwa spika ya omu 4, ndicho kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, unapata wati 6 na nusu hivi. Kwa mtindo wa msumeno volti huwa mara mbili, na volti zikiwa mara mbili wati huwa mara nne. Hesabu inakuletea 26. Toa kinachopotea kwa joto, mkononi unabaki na wati 18, labda 20, kabla sauti haijaanza kuharibika.

Lakini kasha limeandikwa 50 mara 4. Geuzeni redio hii mtazame mgongoni. Fyuzi yake ni ya ampea 10. Kumi mara volti 14 ni 140. Sasa wati 140 zikiingia kwa mlango wa nyuma, zinatokaje 200 kwa mlango wa mbele? Hata mganga wa kule bara hakufanyii hivyo. Mteja akikutajia wati elfu, usibishane naye. Muoneshe fyuzi.

Tena hilo lina maana kubwa kwenye kuchagua spika, na hapa nitasema jambo ambalo wauza spika wa mjini hawatalipenda. Spika ya kiwandani ni ya karatasi nyepesi na sumaku ndogo, mtu akiishika anaicheka. Lakini ilitengenezwa kwa hizo wati chache. Spika nzito ya kisasa yenye ukingo mnene wa mpira inataka kusukumwa. Kwenye karatasi ya spika tafuta namba ya desibeli kwa wati 1, umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 93 na ya desibeli 87, tofauti ni 6, na kila 3 zinazopungua unahitaji nguvu maradufu. Yaani ile ya 87 inataka wati mara nne ili ifikie sauti ileile. Kama gari halina amplifaya ya nje, umemuuzia mtu spika ya bei na sasa redio yake iko chini kuliko jana. Anarudi. Anakwambia fundi umeniibia. Na ana haki. Usiache mbachao kwa msala upitao: kama karatasi haijapasuka, ukingo haujaoza, na mita inakusomea kati ya omu 3 na 4, mwambie mwenye gari ukweli, labda shida yake si spika.

Mara nyingi shida yake ni hii hapa. Mpokezane kipande hiki cha waya, kila mtu akitazame. Nje ganda zima, halina hata mkwaruzo. Ndani unga wa kijani, kisha shaba nyeusi. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tunakaa pwani. Kaskazi ikivuma inaleta chumvi, kusi ikivuma inaleta chumvi na mvua. Magari ya Gongoni na Marereni, kule kwenye mashamba ya chumvi, ndiyo usiseme. Chumvi inaingia pale waya ulipomenywa, inatambaa ndani ya ganda kama utambi unavyonyonya mafuta. Unakata sentimita kumi, bado mweusi. Unakata nyingine kumi, bado. Ukijaribu kutia lehemu, risasi inaviringika juu yake kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Fundi asiyejua anakwangua kidogo, anasokota, anafunga tepu, anapokea pesa. Baada ya miezi miwili spika ya kushoto inakatakata.

Kwa hiyo kwa gari la zamani mimi sishughuliki kufufua waya wa spika. Ule wa kiwandani nauacha hapohapo ulipo, nafunga ncha zake tepu, navuta mpya. Na soketi ya kiwandani sikati! Kuna soketi za kuunganisha, upande mmoja wa redio mpya, upande mwingine wa gari, bei yake si ya kumfanya mtu alie. Nimefungua dashibodi za magari mengi nikakuta soketi imekatwa na rangi za waya zimechanganywa na watu watano tofauti, kila mmoja na tepu yake. Kufuata njia za watu hao ni kazi ya nusu siku, na hakuna wa kukulipa.

Waya gani? Hili nilifundishwa na mwanafunzi wangu, si aibu kusema. Kijana ninayefanya naye kazi sasa ametoka Amu, yaani Lamu. Siku ya kwanza nilimtania nikamwambia, kwenu gari ni punda, utajua nini wewe? Akaniambia: ami, kwetu tuna boti. Nikacheka. Nikampa Corolla moja ya miaka ya 90 avute waya, nikaenda zangu kunywa kahawa. Niliporudi nikakuta kila spika ameipelekea waya miwili yake peke yake, kutoka redio hadi kwenye ncha, bila kuambiwa na mtu. Nikamuuliza nani kakufundisha. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto, akashika waya mmoja mkononi, akasema: na huu utarudi na nini, ami?

Boti ya faiba haina bodi ya kurudishia umeme. Kila waya unaokwenda lazima uwe na wake unaorudi, la sivyo taa haiwaki. Mtoto aliyejifunzia ndani ya boti hawezi kufanya kosa langu mimi. Mimi nilijifunzia ndani ya chuma.

Naye ndiye aliyeniletea waya wa boti. Ukiumenya ni mweupe, kila uzi wa shaba umepakwa bati, na chumvi haiuli haraka. Ni ghali zaidi, ndiyo. Lakini jihadharini, kuna waya mwingine sokoni wa kudanganya. Chukua kisu ukwangue uzi mmoja. Waya wa boti ni mweupe nje, mwekundu ndani. Ule mwingine ni mwekundu nje, mweupe ndani: alumini iliyovishwa shaba. Wa kwanza ni rafiki. Wa pili ni mchumba wa mtandaoni. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, hukatika upesi inapokunjwa, na ukikunjwa mlangoni mara kumi kwa siku hesabu mwenyewe. Wanaouuza hawakuambii. Wengine hawajui.

Unene, chukua wa milimita mraba 1.5. Kutoka redio hadi spika ya nyuma ni kama mita 5, kwenda na kurudi 10. Waya wa 0.5 kwa urefu huo unakula omu 0.35 hivi, karibu sehemu moja kati ya kumi na mbili ya spika yenyewe. Wa 1.5 unakula kama 0.12. Zaidi ya hapo ni fahari tu, kwa spika zinazoendeshwa na redio, na tena hautapita kwenye raba ya mlango.

Raba ya mlango! Hapo ndipo vijana hulia. Kati ya nguzo na mlango kuna bomba la mpira, ndani mna nyaya za kioo na kufuli, zimebanana. Usitoboe tundu lingine kwenye bati eti njia ya mkato. Bati litaula waya wako kama msumeno. Toa bomba pande zote mbili, lipake povu la sabuni, pitisha kwanza waya mgumu wa breki ya baiskeli, halafu ufunge waya wako kwenye ncha yake na uvute polepole. Acha ulegevu. Fungua mlango hadi mwisho, ufunge, ufungue tena, huku mkono wako uko kwenye waya unausikiliza.

Na kabla hujatoboa tundu la spika, teremsha kioo hadi chini kabisa. Narudia, chini kabisa. Spika mpya ina sumaku ndefu kuliko ya zamani. Nimeona mtu amefunga spika nne vizuri kama za kiwandani, mwenye gari akashusha kioo barabarani, kioo kikakaa juu ya sumaku, kikapasuka. Ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mlango nayo si takataka. Maji ya mvua hupita kwenye kioo huingia ndani ya mlango, hiyo ni kawaida, yana matundu yao ya kutokea chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wako. Ukiichana ukaitupa, masika ya kwanza tu mteja ana zulia linalonuka na spika iliyolowa.

Viungo vya waya, baneni kwa koleo la kubania, kisha vika kile kibomba cha plastiki kinachonywea kwa moto. Lehemu naipenda, nimekula kwa lehemu, lakini waya uliolehemiwa unakuwa mgumu kama kijiti pale risasi ilipoishia, na gari linatikisika siku nzima. Ukilehemu, ushikilie waya usicheze.

Chanya na hasi za spika, msibahatishe kwa rangi, rangi za gari la zamani ni porojo. Chukueni betri hii ya tochi, volti 1 na nusu. Gusisha kidogo tu kwenye ncha za spika. Pap! Karatasi imetoka nje? Basi chanya ya betri iko kwenye chanya ya spika. Imeingia ndani? Umegeuza. Spika moja ikigeuka na mwenzake haijageuka, hii inasukuma hewa na ile inavuta, besi inapotea, mteja anadhani anahitaji spika kubwa zaidi. Nimewahi kumtengenezea mtu "sauti mpya" kwa kubadilisha waya miwili tu. Nilimtoza, lakini nilimwambia nilichofanya.

Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, sina mengi. Kile kikapasita kidogo kilichoko kwenye waya wake usikitoe, ndicho kinachozuia besi isiichome.

Anayetaka amplifaya kwenye buti, waya mkubwa kutoka betri uwe na fyuzi karibu na betri, umbali usizidi sentimita 45. Fyuzi hailindi amplifaya, inalinda waya usigeuke kuni. Waya ule unapita chini ya zulia, chini ya viti, chini ya watoto. Betri ya gari ikigusishwa hutoa ampea mamia. Hapo sitanii.

Nimalizie kwa kile kipande cha waya mnachopokezana. Hamkuniuliza kimetoka wapi. Baada ya kuua ile redio, nilirudi kwenye 504 ya mzee nikavuta waya miwili kwa kila spika, kazi ya siku mbili, bila malipo. Nilivuta shaba tupu kwa sababu sikujua nyingine. Mzee alifariki, gari likabaki kwa mwanawe, na mwanawe amekuja kwangu mwezi huu anataka redio yenye Bluetooth. Jana nimefungua mlango, nimekata kipande. Ni wangu. Nimeutambua kwa tepu, nilikuwa nikifunga kwa kwenda kushoto siku zile.

Gari liko nje, chini ya mwembe. Mbao za milango nimeshazitoa, hasi ya betri nimeshaitoa. Skurubu ya yule fundi wa kwanza bado iko kwenye bati la mlango wa kushoto, imeshika kutu. Kijana wa Amu ametangulia na waya. Nani ana bisibisi?